Nshomile: Kisomo cha Watu Wazima na Kalamu Iliyochelewa Karagwe na Kyerwa

Mtanzania akitaka kumtania mtu wa Kagera humwita nshomile. Ni neno la Kihaya, maana yake "nimesoma", na utani wake unajulikana hata kwa wasiowahi kufika Bukoba: mtu huyu, hata akija kukuuzia ndizi, atakueleza kwanza kasoma wapi. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa si Wahaya, ingawa lugha zao ni ndugu, lakini huingizwa kwenye utani huo bila kuulizwa.

Sasa lisikilize neno lenyewe. Linasema nimesoma. Halisemi nimeandika, wala nimetunga. Katika wilaya hizi mbili za mpakani, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, watu wazima wamekaa darasani kwa vizazi vinne, mbele ya katekista, mwalimu wa kujitolea na redio. Karibu kila mara walikwenda kufundishwa kusoma maneno ya mtu mwingine. Kutunga ya kwao kulikuja kwa mlango wa nyuma, na ajabu ni kwamba hicho ndicho walichokuwa nacho tangu mwanzo.

Kabla ya daftari

Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwenye kikale, makao ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Walimkuta mtu mkarimu na mdadisi, mwenye maswali mengi kuliko waliyozoea kuulizwa njiani. Speke alivutiwa naye kiasi cha kumwomba mtoto mmoja au wawili wa ukoo wa kifalme akawasomeshe Uingereza. Haikuwa. Lakini tusidhani kwamba karatasi iliingia Karagwe na Mzungu. Huko Kafuro, mwendo mfupi kutoka kikale, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao cha pembe za ndovu, na watu hao waliandika hesabu na barua kwa herufi za Kiarabu. Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, alipopita mwaka 1876 aliwakuta bado wapo. Wanyambo waliona kuandika kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwataka wajifunze.

Waliouona mwandiko ule hawakuwa watu wasio na fasihi. Kulikuwa na enanga, ubao wa mti uliochongwa kama chano kirefu na kutandazwa nyuzi saba au nane, na mpigaji wake aliimba tenzi za mashujaa usiku mzima ikibidi. Kulikuwa pia na ebyebugo, majigambo ya vita, ambayo nchi zote zilizotawaliwa na ukoo wa Wahinda kuanzia Ankole hadi Buhaya ziliyathamini. Mtu alisimama mbele ya mkubwa wake akajisifu kwa maneno ya kupangwa, kwa kasi, bila kukosea, na majigambo hayo aliyatunga mwenyewe. Utungaji katika dunia ile haukuwa kipaji cha wachache tu. Kwa mwanamume wa hadhi ulikuwa sehemu ya utu uzima, kama kuoa na kujenga.

Msomi aliyezichukulia tenzi za enanga kwa uzito unaostahili ni Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tenzi hizo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Wakati huo wazungu kadhaa walikuwa wameshaandika kwamba Afrika haina utendi. Wangefika Bukoba wakakaa usiku mmoja, wangejifunza mengi.

Kushoma ni kusali, 1890–1950

Rumanyika alikufa mwishoni mwa miaka ya 1870, na ufalme ukaanza kuyumba: ugomvi wa kurithi kiti, kisha maradhi ya ng'ombe na ya watu. Wajerumani walipoweka boma Bukoba mwaka 1890, Karagwe ilikuwa imeshadhoofika, na kwa muda mrefu mambo yake yaliamuliwa na watu wa ziwani, kando ya Ziwa Viktoria. Hilo lina uzito katika hadithi yetu, kwa sababu hata maandishi yalifika kutoka ziwani.

Mapadri Weupe walifungua kituo Kashozi mwaka 1892. Upande wa Waprotestanti, watu wa Bukoba waliofundishwa Uganda walikuwa wakisoma vitabu vya Kiganda wao kwa wao kabla ya misheni ya Bethel ya Ujerumani kufika mwaka 1910. Walijulikana kwa kitendo chao, yaani wasomaji. Kitenzi kushoma kikabeba mzigo wa mambo matatu: kusoma herufi, kwenda shule, na kuwa Mkristo. Ukimuuliza mzee kama jirani yake "anasoma", ilibidi akuulize una maana ipi.

Darasa la ukatekumeni lilikuwa darasa la kwanza la watu wazima Karagwe, ingawa halikupewa jina hilo. Wake kwa waume, wengine wenye wajukuu, walikaa chini ya mti miezi mingi wakijifunza herufi ili wafikie ubatizo. Jambo moja liliwatatiza tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiganda, halafu vya Kihaya. Runyambo, lugha ya nyumbani, haikuwa na kitabu. Mnyambo alijifunza kusoma kwa lugha ya jirani, na baadaye, serikali ilipokuja na Kiswahili, akajifunza upya kwa lugha ya taifa. Mara zote mbili alianza akiwa mgeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulitoka Rwanda na Uganda ukaingia Bukoba na Karagwe. Wanahistoria wa dini huuona kama tukio la imani na la ugomvi ndani ya makanisa. Mimi nauona pia kama shule ya masimulizi. Muumini alitakiwa kusimama mbele ya wenzake na kueleza maisha yake: alikuwa nani, alifanya nini, siku gani mambo yaligeuka. Ushuhuda una mwanzo, una kilele, na una hadhira inayojua ukidanganya. Wanawake ambao hawakuwahi kujigamba kwa ebyebugo walipata hapo, pengine kwa mara ya kwanza, nafasi ya kusimulia nafsi zao mbele ya watu.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, naye alikuwa mtumishi wa kanisa. Hakuna mchapishaji aliyeitaka. Ilimbidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Akafa mwaka uliofuata. Miaka thelathini na mitano ya kusubiri! Mtu wa kanda hii aliyeandika kwa lugha ya mama yake alijua kinachomngoja.

Migomba kwenye ubao, 1965–1975

Uhuru ulipopatikana, serikali ilikuwa na haraka. Mwalimu Nyerere alieleza mapema, tangu mpango wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1964, kwamba nchi haiwezi kusubiri watoto wakue. Ni wakubwa wa leo watakaobadili kilimo na afya ya leo. Sensa ya 1967 ilipoonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma, maneno hayo yakawa hesabu ya kulipwa.

Mlango ulifunguliwa mbali na hapa. Mwaka 1965 mawaziri wa elimu wa dunia walikutana Tehran na kukubaliana kwamba kisomo kifungwe na kazi: mkulima ajifunze kusoma kwa maneno ya shamba lake. UNESCO ikachagua nchi 11 za majaribio, Tanzania ikiwa mojawapo. Mradi ukaanza mwaka 1968, makao yake Mwanza, ukachukua mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Ndivyo Karagwe, wilaya ya mwisho wa barabara, ilivyojikuta mbele ya nchi nzima. Dar es Salaam ilipokuwa bado inajipanga, watu wa Ziwa Magharibi walishaanza.

Njia yake ilikuwa hivi. Wasukuma walipata kitabu cha pamba, wavuvi cha samaki, wafugaji cha ng'ombe, wanawake cha maarifa ya nyumbani, na nchi ya matoke ikapata cha migomba. Mwalimu aliandika neno au sentensi ya shamba ubaoni, darasa likaijadili, kisha wakalikata neno silabi kwa silabi na kuzipanga upya kupata maneno mengine. Mgomba, gogo, Mgogo. Jioni, baada ya shamba na kabla ya kupika, wanafunzi walikusanyika kwenye shule ya msingi, wakabana magoti kwenye madawati ya watoto. Wengi walikuwa wanawake. Jua likizama mapema iliwashwa karabai, kama mafuta yapo.

Mwalimu alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mtu aliyemaliza darasa la saba akabaki kijijini, au mwalimu wa shule baada ya saa zake. Aliyejitolea alipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Ilipochelewa, na ilichelewa, darasa lilitegemea moyo.

Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1969, Mwalimu Nyerere alitangaza redioni kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kiliazimia kwamba hadi mwisho wa 1975 ujinga wa kutojua kusoma uwe umefutwa nchini. Vitabu vya majaribio ya kanda ya ziwa vikawa msingi wa kampeni ya taifa, vikifika 12 vya masomo mbalimbali. Redio nayo ikaingia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma na kujadili, halafu wakatoka kuchimba vyoo. Agosti 1975 taifa zima lilikaa kwenye mtihani wa kisomo. Waliojiandikisha madarasani walikuwa zaidi ya milioni 5. Kiwango cha wasiojua kusoma kilishuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 kikatajwa kuwa chini kidogo ya asilimia 10. Ni nchi chache za Afrika zilizothubutu kutaja takwimu kama hizo, na hata mwenye shaka nazo hawezi kukana kwamba bibi wengi wa Karagwe walianza kusoma barua za watoto wao bila kumwita mtoto wa jirani.

Lakini tazama mtihani huo ulipima nini. Kulikuwa na hatua nne. Aliyefika ya nne, kilele chenyewe, alitakiwa aweze kusoma gazeti, kufuata maelekezo, kuandika ujumbe na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake. Kuandika kulimaanisha barua na daftari la kahawa. Si jambo dogo: mkulima anayejua kusoma mizani hapunjwi kirahisi, na barua inayoandikwa na mwenyewe haipotezi siri zake njiani. Hata hivyo hakuna hatua ya tano iliyosema: sasa tunga.

Kitabu cha migomba nacho kilikuwa na kichekesho chake. Kilimfundisha kilimo cha ndizi mtu ambaye bibi zake walilima ndizi kwa karne nyingi, wenye jina la kila aina ya mgomba: wa kupika, wa pombe, wa kuiva. Kilimwambia apande kwa nafasi na aweke mbolea. Hakikumuuliza anajua nini. Paulo Freire, Mbrazili aliyehubiri kwamba anayejifunza kusoma neno aisome na dunia yake, alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Walimpenda. Walichukua sehemu ya mbinu yake, ile ya kulikata neno baada ya kulijadili. Sehemu ya pili, ya kumwacha mwanafunzi aseme dunia yake mwenyewe kisha iandikwe, ilikuwa ngumu kuipangia ratiba na ngumu zaidi kuisahihisha.

Mizani

Hapa ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, na waliouacha wazi hawakukusudia.

Mwaka 1968 Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba watangaze Azimio la Arusha. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, alikuwa na chombo tayari, yaani ngonjera: shairi la majibizano ambamo mmoja hajui na mwingine anamfundisha, mpaka wote wanakubaliana. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971, katikati ya moto wa kisomo. Sherehe za kisomo zilihitaji kitu cha kuonyesha jukwaani mbele ya mkuu wa wilaya. Mwanafunzi kusoma ukurasa wa migomba kwa sauti hakuchangamshi mtu. Ngonjera huchangamsha. Na kwa kuwa kitabu kimoja hakitoshi sherehe zote, walimu na wanafunzi wakaanza kutunga za kwao.

Ushairi wa Kiswahili wa mapokeo ni wa pwani, na mtu wa bara hukutana nao kama mgeni: vina, mishororo minne, mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane. Lakini mizani ni nini kama si silabi? Mwanafunzi wa kisomo alikuwa ametumia miezi akigonga meza silabi kwa silabi. M-go-mba. Ma-to-ke. Alikuwa amefundishwa kuhesabu mizani bila mtu kumwambia. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalikuwa na ukurasa wa mashairi ya wasomaji, kila shairi likiishia na jina la mtunzi, mara nyingi la kujipachika, na sanduku lake la posta. Mwanza kulikuwa na gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililozaliwa na mradi wa ziwa ili waliohitimu wasisahau herufi. Lilipokea barua. Na barua ya msomaji ni utungaji, hata ikiwa inalalamikia bei ya kahawa.

Nchi nzima ilikuwa ikibishana wakati huo kuhusu mizani hiyo hiyo. Mulokozi na mwenzake Kulikoyela Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, halafu Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakitetea kwamba shairi la Kiswahili linaweza kuishi bila vina na mizani. Wanamapokeo walikasirika. Ugomvi huo umeandikwa sana kama wa wasomi wa Dar es Salaam dhidi ya wazee wa Tanga na Mombasa. Nadhani ulikuwa pia na bara ndani yake. Mtu aliyekua akisikia enanga, ambamo mstari hurefuka na kufupika kwa kadiri ya pumzi na nyuzi, hawezi kuamini kwamba ushairi ni kuhesabu hadi kumi na sita. Jina la kitabu cha kwanza lenyewe linatangaza: malenga wa bara.

Limuru na Malya

Kingetokea nini kama darasa la kisomo lingeachwa litunge kwa nguvu zake zote? Kenya ilijibu. Katika kituo cha Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua waliokuwa wakijifunza kusoma kwa Kikuyu walikaa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wakatengeneza igizo la Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji waliyasahihisha maneno, wakaongeza nyimbo, wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Lilioneshwa mwaka 1977, likajaza watu kwa wiki kadhaa, na Novemba mwaka huo huo serikali ikalipiga marufuku. Mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima.

Tanzania ilikwenda njia nyingine, ya upole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji: watu wanachunguza tatizo lao, wanaligeuza ngoma na mchezo, wanajadili. Malya iko kanda ile ile ya mradi wa 1968. Hakuna aliyefungwa. Lakini hakuna wizara iliyochukua mbinu hiyo na kuipeleka kila darasa la kisomo kama ilivyopeleka vitabu 12, na Karagwe iliendelea na kitabu cha migomba mpaka kurasa zikachakaa.

Daraja la Kyaka, 1978–1996

Oktoba 30, 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka, juu ya mto huo, lilivunjwa. Vita ilikwisha mwaka 1979, mkoa ukabadilishwa jina kuwa Kagera, lakini bili yake ilikuja miaka iliyofuata, na elimu ya watu wazima ililipa mapema kuliko nyingine. Tayari Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeelekeza nguvu kwenye shule za msingi kwa watoto wote, na walimu, majengo na chaki vilikuwa vile vile. Posho ya mwalimu wa kujitolea ilimezwa na bei. Kufikia miaka ya marekebisho ya uchumi, madarasa mengi yalikuwa majina kwenye faili la Mratibu wa Elimu wa Kata.

Kisha ugonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Watu waliupa jina la Juliana, la nguo ya fasheni iliyovuka mpaka na biashara ya magendo, kabla madaktari hawajaleta jina lao. Hapo ndipo watu walipotunga kuliko wakati wowote. Waimbaji wa vijijini walihitaji kusema jambo ambalo heshima haikuruhusu kusemwa, wakalisema kwa mafumbo. Aldin Mutembei, mwanafasihi wa mkoa huu, aliyakusanya na kuyachambua mashairi hayo ya Kihaya katika tasnifu aliyoitoa Leiden mwaka 2001, akionyesha jinsi tamathali zilivyobadilika kadiri watu walivyoujua ugonjwa. Miaka minne baadaye akaandika riwaya, Kisiki Kikavu. Kwangu mimi huo ndio mfano safi kabisa wa maandishi kuchota kwenye kisima cha mdomo kilicho karibu.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mto. Wengi walikwenda Ngara, lakini Karagwe nayo ilipokea kambi zake, zikadumu hadi Desemba 1996. Miaka hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza habari za kisomo cha jioni.

Redio, 1993 hadi leo

Mwaka 1993 serikali ilianza majaribio ya mpango uliokuja kuitwa MUKEJA, wa kulinganisha elimu ya watu wazima na mahitaji ya jamii. Badala ya kitabu kilichochapwa mbali, kikundi kilikaa na kuchagua chenyewe kinachotaka kujifunza, na maandishi yakatoka humo. Miaka ishirini na miwili baada ya Freire, sehemu ya pili ya somo lake ilikuwa imefika. Ilifika bila fedha za kutosha, kwa hiyo vikundi vingi viligeuka kuwa vya ufugaji wa kuku na mikopo midogo, jambo ambalo pia ni chaguo lao.

Kilichobadilisha hewa ya Karagwe ni chombo kisichohitaji herufi. Shirika la FADECO, chini ya Joseph Sekiku, lilianzisha mwaka 2007 redio ya jamii ya masafa ya FM pale Karagwe. Ghafla mkulima wa mbali alisikia sauti ya mkulima mwenzake. Sheria ilitaka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo Runyambo ilibaki nje ya studio ingawa lafudhi yake haikuzuilika. Kwa lugha yenyewe, aliyeipa karatasi ni mwanaisimu Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kamusi ya Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, na sarufi yake mwaka 2005. Karne moja baada ya wasomaji wa kwanza wa ukatekumeni, Mnyambo akaweza kuliona neno la bibi yake limechapwa. Kamusi inapatikana Dar es Salaam kwa urahisi kuliko Nkwenda ya Kyerwa, lakini ipo.

Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya yake. Sensa ya mwaka huo iliwakuta watu wapatao 332,000 Karagwe na 321,000 Kyerwa, wengi wao vijana waliozaliwa baada ya kampeni zote. Tatizo likageuka sura. Wasiojua kabisa kusoma walikuwa bado wapo, ila sasa foleni ndefu ilikuwa ya waliomaliza la saba au kuacha sekondari na kutaka cheti. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere na kupewa sheria yake mwaka 1975, iliwaandalia elimu kwa posta, baadaye masafa. Wanafanya kwanza mtihani wa maarifa, ule uitwao QT, halafu wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na wengine wakapita njia hii mbadala.

Hivyo, bila tangazo lolote, darasa la fasihi kwa watu wazima likawa limezaliwa. Mama wa watoto watatu anasoma Takadini. Dereva wa bodaboda anachambua Watoto wa Mama N'tilie na Wasakatonge. Orodha na Kilio Chetu, tamthiliya za UKIMWI, zinasomwa katika mkoa ambao ugonjwa huo ulitambuliwa kwanza, na mwalimu halazimiki kueleza muktadha. Kuna pia Ngoswe ya Edwin Semzaba, ambamo karani wa sensa anakwenda kijijini kuandika watu, anampenda binti wa mwenyeji wake, na baba mtu, Mitomingi, anachoma karatasi zote. Ukiisoma Kyerwa, mahali ambapo kwa miaka mia mtu aliyekuja na karatasi alikuja kuandika wengine, Mitomingi haonekani mjinga kama miongozo ya mtihani inavyodai.

Wapo wanaoandika. Askofu Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kilutheri ana makala za Kiswahili zinazosomwa na kubishaniwa nchi nzima, na uandishi wake una harufu ya ushuhuda na ya majigambo kwa pamoja. Mwaka 2022 serikali ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ikamfungulia mlango mtu yeyote mwenye mswada wa Kiswahili. Mswada lakini unahitaji mtu aliyewahi kuketi na wewe akauliza: kwa nini umeanzia hapa? Darasa la namna hiyo kwa mtu mzima wa Kayanga au Murongo halimo katika ratiba.

Kilichomo ni mtihani. Novemba, mtahiniwa wa kujitegemea anaingia chumbani na kitambulisho chake, anakaa kwenye dawati alilolikimbia miaka kumi na tano iliyopita, anafungua karatasi ya Kiswahili. Kuna ufahamu, kuna sarufi, kuna maswali ya vitabu teule. Na kuna utungaji, swali moja. Huwa anaanza na hilo.